Mhasibu kawa mwalimu, mimi mwalimu nabadilisha nepi

Shangazi, shikamoo.

Kwetu Uvira hatuamkiani hivyo. Shikamoo niliiokota kambini Nyarugusu, Kigoma, na sasa inanitoka yenyewe.

Nina miaka 41 na watoto wanne, na tangu 2017 naishi hapa Louisville, Kentucky. Kiapo cha uraia nilikula 2023. Kwetu nilisoma sekondari upande wa pedagojia nikapata D6, na Congo mwenye D6 ya pedagojia ni mwalimu wa shule ya msingi, hakuna anayemuuliza zaidi. Nilifundisha Uvira miaka mitatu. Tukakimbia. Kambini nikafundisha sita mingine, darasa la kwanza, watoto tisini na kitu, nusu yao chini ya mti, ubao tumeuegemeza kwenye shina. Mvua ikinyesha, darasa limekwisha. Lakini walijua kusoma, Shangazi. Wapo waliofika hapa hapa Louisville, wakiniona dukani wananiita "madamu", na mimi nimevaa fulana ya kazi iliyojaa madoa ya juisi.

Kazi yangu ni deikea. Nashika chumba cha watoto wa miaka miwili, dola 14 na senti 50 kwa saa. Kitinda mimba wangu atatimiza miaka minne Mei ijayo. Yuko deikea hiyo hiyo, na kwa kuwa mimi ni mfanyakazi wa malezi ya watoto, jimbo linamlipia. Bila hivyo ningedaiwa dola 210 kila wiki.

Mwezi wa nane jirani yetu mmoja, Mrundi, mtu mwema tu, aliingia kufundisha hesabu shuleni. Alisomea uhasibu Bujumbura, na kabla ya hapo hajawahi kusimama mbele ya watoto hata siku moja. Nikamuuliza imekuwaje. Akasema ni sheria ya jimbo, inaitwa njia mbadala: unaanza kazi, ualimu unausoma jioni. Nikafurahi, nikaona mlango na mimi umenifungukia. Nikapiga simu chuoni. Dada aliyepokea akaniuliza kitu kimoja tu, kama nina digrii. Nikamwambia nina miaka tisa ya darasani. Akasema, samahani mama, digrii unayo? Hatukumaliza dakika tatu. Usiku ule nililia bafuni, nimefungulia maji watoto wasisikie.

Wiki iliyofuata ndugu mmoja kanisani akanivuta pembeni. Ana programu yake ya mtandaoni, wiki sita, dola 1,800, ukimaliza unapewa "cheti cha ualimu cha Kentucky, njia mbadala" na unafundisha chekechea za serikali. Kina mama kadhaa wameshajiandikisha kwake. Nimempa dola 200 za kushika nafasi. Baba watoto hajui.

Kazini nako bosi aliposikia natafuta masomo akasema, unahangaika nini, kuanzia Jumatatu wewe ndiye mwalimu kiongozi wa chumba. Nyongeza ya mshahara ataifikiria Januari. Mwenzangu wa chumbani aliacha akaenda ghalani kupakia mizigo, na asubuhi ambazo hakuna wa kushika nafasi yake nabaki peke yangu na watoto 13. Juzi namfuta mmoja, mwingine akapanda rafu ya vitabu, rafu ikaanza kuinama. Nilimdaka kwa mkono wa kushoto, wa kulia una nepi chafu. Nilipomwambia bosi, alicheka, akasema wewe si umezoea tisini? Kwenye karatasi ya mahudhurio ananiambia niandike watoto 10. Na wazazi wa Kikongomani wakija, ndiye mimi huyo huyo naitwa kutafsiri, bila hata asante.

Mume wangu yuko ghalani zamu ya usiku, dola 18 kwa saa. Anasema miaka 41 si umri wa kubeba mkoba wa shule, tena chuo cha Marekani ni deni la kufa nalo; binamu yake wa Ohio analipa mpaka leo. Siwezi kusema anadanganya.

Rafiki yangu ananishauri niache deikea niombe kazi ya msaidizi wa mwalimu kwenye shule za serikali, eti huko ndiko kuna mlango. Lakini nikiacha deikea, zile dola 210 atanilipia nani?

D6 yangu ninayo, ile karatasi ya muda, maana diploma yenyewe haikuwahi kutoka. Imekaa kwenye mfuko wa plastiki, na doa la maji limepita katikati ya muhuri.

Mama wa Wanne, Louisville

*

Marahaba, mwanangu. Madamu.

Tuanze na ile simu, kwa kuwa ndiyo iliyokuliza. Yule dada alikuwa anakusomea sheria, na sheria yenyewe imepewa jina linalopotosha watu wengi, si wewe tu. Mtu akisikia "njia mbadala ya kupata leseni ya ualimu" anaelewa kwamba asiye na karatasi naye atafikiriwa. Sivyo. Jambo hili New Jersey walilitungia sheria 1984, wakati shule zilikuwa zikijaza nafasi kwa vibali vya dharura, na wazo lao lilikuwa hili: mtu ana digrii yake ya historia au ya kemia, hajapita chuo cha ualimu, aingie darasani, apewe mwalimu mzoefu wa kumshika mkono, masomo ya ualimu ayachukue akiwa kazini. Majimbo mengine yakafuata. Kentucky imeiweka katika sheria yake kwa namba: njia ya kwanza, ya pili, na kuendelea. Jirani yako kwa maelezo yako amepita ya 6. Digrii anayo, shule imempa kazi, chuo kimempokea, jimbo likampa leseni ya muda, na mitihani inamngoja.

Kwa hiyo walichomsamehe ni ualimu. Digrii hawakumsamehe. Na wewe ualimu unao, digrii huna. Sheria imesamehe ulicho nacho ikadai usicho nacho, ndiyo maana imekuuma, na mimi nasema una haki ya kuumwa. Walioitunga walikuwa wakimfikiria mhandisi aliyechoka kiwanda. Sidhani kama kuna hata mmoja aliyepitiwa na picha ya mwanamke aliyeegemeza ubao kwenye shina la mti. Mrundi wa watu msimnunie lakini. Usiku anasahihisha hesabu za watoto wa wenzake na bado ana kazi ya chuo ya kuandika.

Sasa D6. Nitakwambia mapema ili isikupige pale barua itakapofika: ukiipeleka kwenye tathmini ya vyeti vya nje, kwa kawaida huandikwa kuwa ni sawa na kumaliza sekondari ya Marekani. Miaka tisa ya kufundisha haitatajwa popote. Soma, kunja, weka. Karatasi hiyo inayokushusha ndiyo itakayokufungulia chuo na kazi ya shule, kwa hiyo ifanyie haraka. Tafuta shirika la tathmini lililo mwanachama wa NACES, umoja wa mashirika hayo, tafsiri ya Kifaransa ifanywe na mtafsiri anayekubalika kwao, na kabla hujalipa waulize kama wanapokea ile karatasi ya muda, maana Wakongomani wengi hawajawahi kuiona diploma yenyewe na baadhi ya mashirika hayo yanalijua hilo. Na tafadhali usiipige lamini. Mimi cheti changu nilikipiga lamini kwa mapenzi, kikang'aa kama menyu ya hoteli, wakanirudishia wakisema muhuri hauwezi kukaguliwa. Doa la maji halina neno. Doa linaonyesha karatasi imesafiri.

Kuna jambo lingine limekuchanganya, na yule ndugu wa kanisani analitumia. Hapo Kentucky neno "mwalimu" lina nyumba mbili. Nyumba ya kwanza ni deikea, na mwenye nyumba ni wizara ya jimbo ya afya na ustawi wa familia. Hiyo haidai leseni ya ualimu. Inahesabu watoto kwa kila mtu mzima, inadai uchunguzi wa rekodi za polisi, inadai saa za mafunzo kila mwaka. Ndiyo sababu bosi wako anaweza kukuita mwalimu kiongozi kuanzia Jumatatu: ni cheo cha ndani ya uzio wake, ukitoka getini kinabaki getini.

Nyumba ya pili ni shule ya serikali, na humo chekechea ina historia nzito. Mwaka 1989 Mahakama Kuu ya Kentucky ilisema mfumo mzima wa shule wa jimbo unapingana na katiba. Mfumo mzima, si wilaya moja. Mwaka uliofuata bunge likaandika sheria ya elimu upya, na humo ndimo ilimozaliwa chekechea ya jimbo: kwa watoto wa miaka minne wa familia zenye kipato kidogo, na wenye ulemavu wa miaka mitatu na minne. Darasa halizidi watoto 20, na lina mwalimu na msaidizi wake. Mwalimu wa darasa hilo anatakiwa leseni ya elimu ya awali ambayo kifupi chake ni IECE, na leseni hiyo inatoka kwa EPSB, bodi ya jimbo ya taaluma ya ualimu. Hakuna mwingine anayeitoa. Si chuo, si kanisa, wala si mtu mwenye kompyuta na mashine ya kuchapishia. Programu ya wiki sita ya dola 1,800 inayotoa "cheti cha ualimu cha Kentucky" haipo, hata kama mlango wa ofisi yake una kibao.

Pengine anachouza ni saa za mafunzo kwa ajili ya CDA. Hicho kipo kweli, ni cheti cha kitaifa cha watu wa malezi ya watoto wadogo, na watu wametunukiwa tangu 1975. Lakini CDA hutolewa na baraza lake lenyewe lililoko Washington. Unatakiwa saa 120 za mafunzo, saa 480 za kazi na watoto, jalada la kazi zako, mtu wa kuja kukuangalia ukiwa na watoto, na mtihani. Saa 480 wewe umeshazipita mara nyingi. Zinazokupungukia ni zile 120, na kwa mtu anayefanya kazi deikea angalau saa 20 kwa wiki Kentucky ina ufadhili kupitia KHEAA, shirika lake la misaada ya elimu. Yaani huyo ndugu anataka dola 1,800 kwa kitu ambacho kuna fedha za umma zimewekwa kwa ajili ya watu wa kazi yako. Piga simu KHEAA, sema unafanya kazi deikea na unataka CDA, waulize mshauri wa taaluma wa eneo lako ni nani.

Rafiki yako aliyekutajia shule za serikali amekushauri vizuri, ila hajakumalizia. Mwaka 2022 bunge la Kentucky lilipitisha mswada namba 277 wa Baraza la Wawakilishi, ukaongeza njia ya 9. Hiyo ndiyo iliyoandikwa kwa mtu asiye na digrii. Wilaya ya shule inaingia mkataba na chuo kikuu, inaajiri mtu kama msaidizi wa darasa au katika nafasi inayofanana na hiyo, mtu anafanya kazi analipwa, huku anasoma, na ndani ya miaka mitatu ya shule anatoka na digrii na leseni ya kwanza kwa pamoja. Nimeisoma mara mbili nilipoiona, nilidhani nimekosea. Shida yake ni kwamba si kila wilaya ina mkataba, na mkataba si lazima uwe wa elimu ya awali. Unaweza kukuta ni wa shule ya msingi au elimu maalumu tu. Kwa hiyo ukipiga simu idara ya wafanyakazi ya wilaya, usiulize "mna njia mbadala?" Watakurudisha kwenye digrii. Sema "Option 9", kwa Kiingereza hicho hicho, kisha uliza mnashirikiana na chuo gani na kwa leseni ipi.

Miaka mitatu kwa digrii nzima, ukiwa na kazi na watoto wanne, ni safari ya usingizi wa saa tano. Nakwambia ili ujue, si ili uogope. Kuna wanaochukua njia ndefu, chuo cha jamii kwanza kidogo kidogo, na hawajakosea.

Sasa tuje kwenye dola 210, maana hapa ndipo penye kamba yenyewe.

Oktoba 2022 Kentucky ilifanya jambo ambalo majimbo mengine yalikuja kuliiga: ilisema mtu anayefanya kazi deikea saa 20 au zaidi kwa wiki anaingia kwenye ruzuku ya malezi ya watoto, ile CCAP, bila kuangaliwa kipato cha nyumbani. Lengo lilikuwa kuwazuia watu kama yule mwenzako asikimbilie ghalani. Tufanye hesabu. Dola 210 kwa wiki ni dola 10,920 kwa mwaka. Ukizigawa kwa saa zako za kazi ni dola 5 na senti 25 kwa saa. Kwa hiyo wewe si mtu wa dola 14.50, mfukoni mwako, ukihesabu na cha mtoto, ni dola 19.75. Kazi ya msaidizi wa shule ikikuambia dola 17 utaona umepanda, kumbe umeshuka. Na shuleni miezi ya kiangazi mara nyingi haina mshahara. Hofu yako ni ya hesabu kabisa, na aliyekuambia "acha tu" hakuipiga.

Ila ruzuku hiyo inafuata kazi yako ya deikea na inamhusu mtoto anayehitaji deikea. Na huyo kitinda mimba wako anakua! Mei anatimiza minne. Chekechea ya jimbo inapokea mtoto aliyetimiza minne kufikia Agosti 1, kama kipato cha familia hakizidi asilimia 160 ya mstari wa umaskini wa taifa. Kwa 2025, familia ya watu 6 mstari wake ni dola 43,150, na asilimia 160 yake ni 69,040. Wewe kwa saa 40 unapata 30,160 kwa mwaka, baba watoto 37,440. Jumla 67,600. Mmeingia, lakini kwa upenyo wa dola 1,440. Ovataimu yake ikilipwa moja na nusu, Jumamosi saba za saa nane zinawatoa nje. Mstari huo hupandishwa kidogo kila Januari, kwa hiyo hesabu hii uirudie na mume wako mwanzoni mwa mwaka, na stabu za mshahara mezani, kabla hajakubali zamu za ziada. Uliza pia wilaya yenu kama darasa ni la siku nzima au nusu siku, maana nusu siku itakudai mtu wa saa sita mchana.

Ukishaona hivyo, utaona kwa nini sitaki uache deikea mwezi huu. Kuanzia sasa hadi kiangazi uko mahali ambapo mtoto analipiwa na CDA inalipiwa. Ukitoka leo unaweza kuvipoteza vyote viwili. Wilaya za shule huajiri sana kuanzia majira ya kuchipua hadi Agosti. Tathmini ya D6 uwe nayo mkononi kufikia hapo. Ulizia pia mtihani wa wasaidizi wa darasa, kifupi chake KPA, kwa sababu shule zinazopata fedha za shirikisho za Title I haziwezi kumchukua msaidizi mwenye sekondari peke yake. Awe na miaka miwili ya chuo au awe amefaulu mtihani. Na fomu ya maombi ikiuliza lugha, andika Kiswahili na Kifaransa kwa herufi kubwa. Louisville ina watoto wengi wa Kiswahili shuleni, na anayeweza kumtuliza mtoto wa miaka minne aliyeachwa mlangoni analia kwa lugha ya mama yake si mtu wa kupatikana kila siku. Hicho bosi wako anakitumia bure.

Nimemfikia bosi. Kwa watoto wa miaka 2 hadi 3, kanuni ya Kentucky ni mtu mzima mmoja kwa watoto 10. Kumi na watatu si kumi. Ule mzaha wake kuhusu tisini umenichefua. Tisini wako walikuwa na miaka sita na saba, walijua kukaa, hawakuwa wakipanda rafu na nepi. Na ile karatasi ya mahudhurio, mwanangu, hapo sina upole. Usiandike 10 wakati wako 13. Saini ni yako. Siku rafu ikimwangukia mtoto, karatasi hiyo itasema wewe ndiye uliyedanganya, na mtu mwenye doa hilo kwenye rekodi ya watoto anaweza kunyimwa leseni ya EPSB, awe na njia ya 6, ya 9 au ya mia. Andika 13, andika na saa, na mwambie bosi kwa ujumbe wa simu ili ubaki: "Leo nimekuwa na watoto 13 peke yangu kuanzia saa moja na nusu." Akiendelea, kitengo cha wizara kinachokagua deikea kinapokea malalamiko. Cheo cha mwalimu kiongozi ukubali siku kikija na mshahara kwa maandishi na mtu wa pili chumbani. Nani kasema Januari ni mbali? Anayesema "nitafikiria" mwezi wa kumi atafikiria hadi Pasaka.

Baba watoto anaogopa deni, na ana binamu wa kumwonyesha. Usimjibu kwa hotuba. Kaeni Jumapili mjaze pamoja FAFSA, ile fomu ya serikali ya kuombea msaada wa masomo, yeye ashike kipanya cha kompyuta. Wewe ni raia. Pell, pesa ya masomo ya serikali ya shirikisho, ni msaada, hairudishwi kama mkopo, na kwa mwaka wa masomo 2025–26 inafika hadi dola 7,395 kwa anayestahili kiwango cha juu. Pale kwenye fomu ya chuo panapotokea neno la mkopo, mwachie yeye ndiye abonyeze "hapana". Umri nisingeuzungumzia kabisa. Mwaka wa 44 utafika ukiwa na digrii au ukiwa huna.

Na zile dola 200. Mwambie mume wako leo, kabla hajasikia kwa shemasi. Kisha mtumie yule ndugu ujumbe, usimpigie, umwandikie: unataka jina la chuo, namba ya idhini ya EPSB, na kama havipo unarudishiwa pesa kufikia Ijumaa. Akikwambia pesa ya kushika nafasi hairudi, mwombe risiti, na wale kina mama wengine waliojiandikisha uwaonyeshe alichokujibu.

Shangazi